Kuokota Si Kumiliki



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, katika hosteli zetu kuna swali linalozuka kila muhula na kila mtu ana jibu lake. Mtu ameokota simu karibu na mahali pa kutawadha. Mwingine ameingiziwa pesa kwenye simu na mtu asiyemjua. Wa tatu ametoka msikitini akakuta viatu vyake havipo, na vimebaki vingine vinavyofanana navyo. Je, kile kilichomfikia mkononi ni chake?

Wengi hujibu kwa kusema "kuokota si kuiba," na mazungumzo yakaishia hapo. Mimi nasoma sheria, niko mwaka wa tatu. Muhula uliopita, tulipofundishwa sheria ya mali zinazohamishika, niliona kwamba kauli hiyo ni nusu tu ya ukweli. Ni kweli kuokota si kuiba. Lakini kuokota si kumiliki pia, na wengi wetu tunapotelea katikati ya mambo hayo mawili. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba kitu kinapopotea hutoka mkononi mwa mwenyewe bila kutoka katika milki yake, na kwamba anayekiokota amepata kazi kabla hajapata mali.

MKONO NA MILKI

Kitu kinaweza kuwa mkononi mwako kwa njia nyingi. Umekinunua, umepewa zawadi, umekirithi, umekiazima, umewekewa amana, umekikodi, umekiokota, au umekiiba. Anayekutazama kwa mbali haoni tofauti yoyote, kwa sababu mkono ni uleule. Tofauti iko katika haki iliyoko nyuma ya mkono huo.

Milki huhama kwa njia zinazojulikana. Mwenye mali akiuza, imehama. Akitoa zawadi, imehama. Akifa, imehamia kwa warithi wake. Lakini dada aliyesahau simu yake kwenye ukingo wa bomba hakusema "nimeuza," wala hakusema "nimetoa," wala hakufa. Alisahau tu, na kusahau si mkataba.

Hapa ni lazima tutenganishe kitu kilichopotea na kitu kilichotupwa. Mwanafunzi anayemaliza masomo akaweka madaftari yake ya zamani kwenye pipa la takataka ameyaacha kwa hiari yake, na atakayeyachukua hana lawama. Kinachotofautisha hali hizi mbili ni nia ya mwenye mali. Mwokotaji hana haki ya kumnuia mwenzake. Ukiona simu nzima inayowaka ukajiambia "labda mwenyewe hakuitaka," umejipa kauli ambayo si yako.

MFUKO NA KAMBA YAKE

Mafaqihi wetu wana mlango mzima juu ya jambo hili, nao wanauita luqata, yaani kitu kilichookotwa. Msingi wake mkubwa ni hadithi ya Zayd bin Khalid al-Juhani (R.A.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Mtu mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu kitu kilichookotwa. Akaamrishwa autambue mfuko wake na kamba iliyoufunga, kisha akitangaze kwa mwaka mmoja. Mwenyewe akija, apewe. Asipokuja, mwokotaji anaweza kukitumia.

Yule mtu akauliza kuhusu kondoo aliyepotea. Akajibiwa kwa maana ya kuwa kondoo huyo ni wako, au wa ndugu yako, au wa mbwa mwitu. Akauliza tena kuhusu ngamia. Hapo Mtume (S.A.W.) alikasirika mpaka uso wake ukabadilika rangi, akamuuliza ana nini na ngamia huyo. Ngamia ana miguu yake na ana akiba yake ya maji. Hufika kwenye maji na kula miti mpaka bwana wake amkute.

Tuangalie vizuri majibu haya matatu. Katika yote hakuna hata moja linaloanza na faida ya mwokotaji. Mfuko unatunzwa kwa sababu hauwezi kujitunza. Kondoo anachukuliwa kwa sababu akiachwa ataliwa. Ngamia anaachwa kwa sababu akichukuliwa ndipo atakapopotea kweli, maana bwana wake atamtafuta pale alipomwacha. Kipimo cha yote ni kimoja: ni njia ipi itakayoirudisha mali kwa mwenyewe?

Kuna jambo jingine ambalo huwa halitajwi sana. Katika hadithi ya Iyadh bin Himar (R.A.), iliyopokewa na Abu Dawud, aliyeokota ameamrishwa ashuhudishe watu waadilifu, wala asifiche. Kwa nini mashahidi, ilhali mtu ana nia njema? Kwa sababu nia ya siku ya kwanza si nia ya siku ya arobaini. Simu unayoiokota leo kwa nia ya kuirudisha, ukikaa nayo mwezi mzima kabatini bila mtu kujua, inaanza kukuzoea. Na ukifa nayo, warithi wako wataigawana wakidhani ni mali yako.

Mwaka ukipita, wanazuoni wamehitilafiana. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, mwokotaji aliyetimiza wajibu wake anaweza kukimiliki, awe tajiri au maskini. Kwa Mahanafi, maskini anaweza kukitumia, lakini tajiri anatakiwa akitoe sadaka. Pamoja na tofauti hiyo, wanakutana hapa: mwenyewe akijitokeza baadaye, haki yake haijafa. Kikiwepo, atarudishiwa. Kikiwa kimetumika, ana haki ya kulipwa. Hata kikiwa kimetolewa sadaka, ana hiari ya kuiridhia sadaka hiyo na kupata thawabu zake, au kudai thamani ya mali yake. Mwaka mzima wa kutangaza haukumfuta.

SIMU NI NGAMIA AU KONDOO?

Katika darsa yetu ya Alhamisi ndugu mmoja aliuliza swali hili, watu wakacheka. Mimi naliona ni swali zito.

Simu yenye chaji inafanana na ngamia. Ina njia yake ya kumrudia bwana wake. Dakika kumi baada ya kuipoteza atakuwa ameazima simu ya rafiki na anaipigia. Ukiipokea na kumwambia uko wapi, kazi imekwisha, wala hukuhitaji mwaka. Ukiizima, umemkata ngamia miguu. Ukichomoa laini na kuitupa, umetupa mfuko na kamba yake, yaani alama zilezile ulizoamrishwa uzitambue ili mwenyewe apatikane. Anayefanya hivyo kisha akasema "nimemtafuta mwenyewe nimemkosa" anasema uongo ambao ameutengeneza kwa vidole vyake.

Lakini mtu anaweza kujibu kwamba chuoni kwetu simu ni kondoo, maana mbwa mwitu ni wengi. Ukiiacha pale bombani, atakayepita baada yako huenda asiwe mwema. Kweli hiyo nayo ina ushahidi katika historia. Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba zama za Sayyidna Umar (R.A.) ngamia waliopotea waliachwa huru, wakazaliana bila mtu kuwagusa. Zama za Sayyidna Uthman (R.A.) ziliporadi, yeye aliamrisha watangazwe kisha wauzwe, na mwenyewe akija apewe thamani yake. Wanazuoni wameeleza kuwa watu walikuwa wamebadilika, na ngamia aliyeachwa hakuwa tena katika amani.

Ngamia walikuwa walewale, na lengo la kumhifadhia mwenye mali lilikuwa lilelile. Kilichobadilika ni watu walio njiani. Kwa hiyo kuichukua simu ile ili isiliwe na mbwa mwitu ni sawa. Ila baada ya kuichukua ujiulize kama wewe mwenyewe si mbwa mwitu huyo.

SHERIA YA NCHI INASEMAJE

Baadhi ya ndugu hudhani mambo haya ni ya msikitini tu, na kwamba sheria ya serikali humwachia mwokotaji ajifaidie. Si hivyo.

Kesi ya kwanza tunayofundishwa ni ya Uingereza, Armory na Delamirie, ya mwaka 1722. Mtoto aliyekuwa akisafisha dohani aliokota kito. Akakipeleka kwa sonara kikapimwe thamani. Kijana wa sonara akayatoa mawe yake, akataka kumpa mtoto vijisenti, mtoto akakataa. Sonara akashindwa mahakamani. Kanuni iliyotoka hapo ni kwamba mwokotaji ana haki ya kukishika kitu dhidi ya watu wote isipokuwa mwenyewe.

Wanafunzi wengi hukariri "dhidi ya watu wote" wakasahau "isipokuwa mwenyewe." Yule mtoto alimshinda sonara, lakini angekuja mwenye kito, asingekuwa na la kusema. Katika kesi ya Parker na shirika la ndege la British Airways, iliyo katika ripoti za mwaka 1982, abiria aliokota bangili ya dhahabu katika chumba cha mapumziko uwanja wa ndege wa Heathrow. Aliikabidhi kwa mfanyakazi pamoja na jina na anwani yake, akiomba arudishiwe kama mwenyewe hatapatikana. Mwenyewe hakupatikana, shirika likaiuza kwa pauni 850. Mahakama ikaamua pesa zile ni za abiria. Jaji Donaldson alieleza pia kwamba mwokotaji ana wajibu wa kuchukua hatua zinazofaa ili mwenye mali apate habari. Abiria yule alishinda kwa sababu hakuficha kitu.

Tuje nyumbani. Kanuni za Adhabu za Uganda, Kenya na Tanzania zina asili moja. Zilitungwa wakati wa ukoloni kwa mfano uliotokana na sheria ya jinai ya Queensland, Australia, ya mwaka 1899, ndiyo maana maneno yake yanafanana sana. Zote tatu zinasema kwa maana hii: mtu aliyeokota kitu kilichopotea akakigeuza kuwa chake hahesabiwi kuwa na nia ya ulaghai ikiwa wakati huo hamjui mwenyewe, na anaamini kwa sababu za maana kwamba mwenyewe hawezi kupatikana.

Yapime masharti hayo mawili kwa simu ya bombani. Inalia, na jina la "Mama" linaonekana kwenye kioo. Ni sababu gani ya maana itakayokufanya uamini kuwa mwenyewe hawezi kupatikana? Kumbe "kuokota si kuiba" huweza kuwa kweli saa mbili asubuhi na kuwa uongo saa mbili na dakika tano, pale kidole kinapobonyeza kitufe cha kuzima.

PESA ILIYOKOSEA NJIA

Huduma ya kutuma pesa kwa simu ilianza Kenya mwaka 2007, na Uganda ikaingia mwaka 2009. Imeturahisishia mengi, ikatuletea na mtihani mpya. Tarakimu moja ikikosewa, karo ya mtoto wa mtu inaingia kwa mgeni.

Ninaishi na mwenzangu aliyeingiziwa shilingi 150,000 usiku mmoja kabla ya mitihani. Alikuwa hana hata pesa ya chakula cha kesho yake. Chumba kizima kilijadili mpaka usiku wa manane, na hoja zilizotolewa nadhani ndizo zinazotolewa kila mahali.

Hoja ya kwanza: "Hii ni riziki, Mungu ameona shida yako." Hakuna shaka kuwa Mwenyezi Mungu ndiye anayeruzuku. Lakini kitu kuletwa mbele yako kinaweza kuwa riziki na kinaweza kuwa mtihani, na huwezi kujua ni kipi kwa kutazama njaa yako. Unajua kwa kutazama haki ya mwenyewe. Njaa ya mwenzangu ilikuwa hoja ya sisi wanachumba kumlisha, na alhamdulillah tulichanga. Haikuwa hoja ya kumlipisha mtu asiyemjua.

Hoja ya pili: "Amezembea mwenyewe, angeangalia namba." Hadithi ya mfuko haiulizi mfuko ulidondokaje. Na sheria ya nchi nayo haijali sana uzembe huo. Katika kesi ya Kelly na Solari ya mwaka 1841, kampuni ya bima ilimlipa mjane pesa za bima ambayo ilikuwa imekwisha nguvu, nayo ilikuwa imearifiwa hilo kabla, ikasahau. Jaji Parke alieleza kuwa pesa iliyolipwa kwa kukosea ukweli inaweza kudaiwa, hata kama mlipaji alikuwa mzembe. Aliyetumia bila kujua huweza kuonewa huruma na mahakama. Aliyejua hana kimbilio hilo.

Hoja ya tatu: "Basi tuitangaze mwaka mmoja kama luqata." Hii ilikuwa na sura ya dini, na ndiyo iliyokuwa hatari zaidi. Mwaka umewekwa kwa mali ambayo mwenyewe hajulikani. Pesa ya simu hufika na ujumbe, na ndani ya ujumbe kuna jina na namba. Mafaqihi wa Kishafii hutoa mfano wa nguo iliyopeperushwa na upepo ikaangukia nyumbani kwa mtu. Hiyo ni amana mkononi mwake ingawa hakuiomba, na kama anamjua mwenyewe anatakiwa amrudishie au amjulishe bila kuchelewa. Pesa iliyokosea njia ni nguo hiyo. Qur'ani Tukufu inatuamrisha katika Surat an-Nisaa, aya ya 58, kuzirudisha amana kwa wenyewe.

Mwenzangu aliwapigia watoa huduma asubuhi, pesa ikarudishwa. Nasema watoa huduma, kwa sababu matapeli nao wameugundua mlango huu. Hutuma ujumbe wa uongo kuwa wamekosea, ukawarudishia pesa ambayo haikuingia. Angalia salio lako kwanza, kisha pitia kwa kampuni yenyewe. Kurudisha haki hakukulazimishi kutapeliwa.

PESA YA SODA

Kuna tabia imeota mizizi. Mtu ameokota kitambulisho au simu, amempata mwenyewe, lakini hatoi mpaka apewe "ya soda" kwanza. Anaona amefanya wema na anastahili.

Malipo ya kurudisha kitu si haramu kwa asili. Katika kisa cha Nabii Yusuf (A.S.), aya ya 72, aliyeleta kopo la mfalme aliahidiwa shehena ya ngamia, na wanazuoni wamejengea hapo ruhusa ya mwenye mali kutangaza ujira. Ukiahidi, timiza. Mwenyewe akikupa kwa moyo wake, pokea. Gharama ya nauli mnaweza kuzungumza. Lakini kukishika kitu mpaka ulipwe ni kumuuzia mtu mali yake mwenyewe. Ulikuwa mwaminifu, umegeuka mchuuzi wa kitu usichokimiliki.

Na vile viatu vya mlangoni? Tatizo hili ni la zamani kuliko vyuo vyetu. Ibn Qudama, aliyefariki mwaka 620 Hijria, amelijadili katika al-Mughni kwa mfano wa mtu aliyeibiwa nguo kwenye hamamu akakuta nyingine mahali pake. Asili ni kwamba zile zilizobaki si zake. Huenda aliyeziacha si aliyechukua zako, na huenda alichanganya tu. Kudhulumiwa na mtu mmoja hakukupi ruhusa juu ya mali ya mtu mwingine. Uliza, tangaza, subiri, na ikiwa kuna dalili ya wazi kwamba ni ubadilishaji wa makusudi, muulize shekhe kabla hujavaa.

TUFANYE NINI

Napendekeza jumuiya yetu ianze na daftari moja. Atakayeokota aandike tarehe, mahali na jina lake, mbele ya mashahidi wawili. Hiyo ndiyo amri ya kushuhudisha. Tangazo liwekwe mlangoni na si ndani ya msikiti, kwa kuwa Mtume (S.A.W.) amekataza kunadi vilivyopotea ndani yake. Tangazo liseme "imepatikana simu," lisitaje rangi wala kasha, ili atakayekuja aulizwe alama naye azieleze. Vitu vya thamani ndogo vitangazwe kwa muda unaolingana navyo, maana hakuna anayetafuta kalamu kwa mwaka mzima.

Nimalizie na jambo linalonishughulisha kama mwanafunzi wa sheria. Baadhi yetu tutakuwa mawakili, na tutajua jinsi ya kumtetea aliyeshika mali ya mtu hadi ashinde. Mtume (S.A.W.) ametutahadharisha, katika hadithi ya Ummu Salama (R.A.), kwamba yeye ni binadamu anayehukumu kwa anachokisikia, na kwamba atakayepewa haki ya nduguye kwa ufasaha wa maneno amekatiwa kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume (S.A.W.) mwenyewe haiigeuzi mali ya mtu kuwa halali kwa anayejua kuwa si yake, basi haiwezi kugeuzwa na hukumu ya hakimu wetu, wala na laini iliyotupwa, wala na ukimya wa mwenyewe ambaye hajui pa kuuliza.

Mwenyezi Mungu atujaalie mikono inayoshika kwa haki na kuachia kwa haki, na awarudishie waliopoteza. Amin.

Wabillahi tawfiq.